Ile Alama ya Kijapani Kwenye Bango la Akina Mama Ina Maana Gani?



Kuna kikundi kimoja cha akina mama katika eneo letu ambacho kimekuwa na shida kwa muda sasa, na shida yenyewe si pesa. Ni bango. Hata hivyo, shida ya bango imekuja kuwa shida ya pesa, kwa sababu wanachama saba wameacha kuleta mchango wao wa mwezi, na meri-go-raundi imekwama. Tumeombwa na kikundi hicho tulieleze jambo hili katika jarida letu ili na vikundi vingine visome. Majina hatutayataja.

Hadithi ni fupi. Kijana mmoja Mjapani wa kujitolea alikaa na akina mama hao miaka miwili, wakishirikiana katika shamba la mboga na katika kuandika hesabu. Siku ya kumuaga, baada ya chapati na soda, alichukua brashi na wino akaandika alama moja ya lugha yao kwenye karatasi kubwa, akawaambia, “Hii inafanana na kazi yenu.” Basi akina mama waliipenda. Wakakubaliana katika mkutano, na kumbukumbu zikaandikwa, kwamba hiyo iwe nembo ya kikundi. Fundi akaichora kwenye bango pale njia panda. Muhuri ukatengenezwa. Nembo ikawekwa hata kwenye kitabu cha risiti.

Ndipo maneno yakaanza. Wengine wakasema hiyo ni alama ya dini ya kigeni. Wengine wakaenda mbali zaidi, ati ni alama ya shetani, na kila anayetoa mchango na kupigiwa muhuri huo kwenye kadi yake ameuza kitu asichokijua. Mzee mmoja wa kigango alitujia akiwa amekasirika kweli. “Nyinyi watu wa maendeleo,” alisema, “mnatuletea nini hapa?” Kwa upande mwingine, wale waliotaka kuitetea nembo hiyo nao wakaja na yao. Walisema, hebu tazameni vizuri, upande wa kushoto kuna msalaba! Na upande wa kulia kuna vitu vitatu vinavyofanana kabisa, na huo ni Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo ni alama ya Kikristo.

Tunasikitika kusema kwamba pande zote mbili zimekosea. Alama hii haina shetani ndani yake, na haina msalaba pia. Inahusu kazi.

Alama yenyewe ni hii: 協. Kwa Kijapani inasomwa kyō.

Sisi tumezoea herufi. Herufi “k” peke yake haina maana, inatoa sauti tu mpaka iungane na wenzake. Wajapani nao wana herufi zao za sauti, lakini pamoja nazo wanatumia alama walizopokea kutoka China, kwa njia ya Korea, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wao wanaziita kanji. Kila alama ina maana yake. Orodha ya serikali ya Japani ya mwaka wa 2010 ina alama 2,136 za matumizi ya kawaida, na mtoto anazijifunza darasa kwa darasa, kidogo kidogo. Hii ya akina mama wetu inafundishwa darasa la nne. Lakini vipande vyake vinafundishwa darasa la kwanza, kwa hiyo hata mtoto mdogo akiiona anaweza kuanza kukisia.

Kipande cha kushoto, 十, kile kilichoitwa msalaba, ni tarakimu. Ni kumi. Mjapani akitaka kuandika kumi kwa kanji anapiga mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, basi. Watu wa kale waliposema kumi walikuwa na maana ya wengi waliokusanyika mahali pamoja, na ndiyo kazi yake hapa.

Kipande cha kulia ni alama moja iliyoandikwa mara tatu: 力. Peke yake inasomwa chikara, na maana yake ni nguvu. Wataalamu wa maandishi ya kale hawakubaliani asili yake ni picha ya nini. Kuna wanaosema ni mkono uliokaza msuli. Wengine wanasema ni chombo cha kulimia, kama plau ya zamani ya mti. Kwa mkulima tofauti si kubwa, kwa maana plau bila mkono hailimi. Alama hiyo hiyo ya nguvu ukiiweka chini ya alama ya shamba, ambayo ni kiboksi kilichogawanywa vipande vinne, unapata neno “mwanamume”. Tulipowaeleza akina mama hilo walicheka sana, na mmoja akauliza ni mwanamume wa wapi huyo anayeonekana shambani. Hatukuwa na jibu.

Je, kwa nini tatu? Hapa pia si Utatu. Katika maandishi haya, kuandika kitu mara tatu mara nyingi ni njia ya kusema “vingi”. Mti mmoja ni mti. Miti miwili ni kijisitu. Miti mitatu, mmoja juu na miwili chini, ni msitu. Nguvu tatu zimepangwa hivyo hivyo, moja juu na mbili chini, kama mafiga yanavyokaa jikoni. Weka sasa pamoja: watu wengi, nguvu nyingi, zimewekwa mahali pamoja. Ndiyo maana ya kyō. Ukiongeza alama nyingine ya nguvu mbele yake unapata kyōryoku, yaani ushirikiano, neno ambalo Mjapani analitumia kila siku, hata anapoomba majirani wasaidie kufagia barabara. Neno hilo limo pia katika jina la Kijapani la shirika lao la misaada linalojulikana hapa kwetu kama JICA, na katika jina la wale vijana wao wa kujitolea ambao wamekuwa wakija Kenya tangu mwaka wa 1966. Kwa hiyo yule kijana hakuwaachia akina mama fumbo. Aliwaachia jina la kazi yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatukuligundua mpaka tulipokwenda pale njia panda na karatasi ya awali mkononi. Tulilinganisha. Kwenye karatasi kuna nguvu tatu. Kwenye bango kuna mbili. Tukamwita fundi, naye hakuficha. Alisema alipofika chini kulia nafasi ilikwisha kwa sababu mwenyekiti alitaka sanduku la posta na namba ya simu viandikwe kwa herufi kubwa, naye akaona kwamba vile vitu vinafanana, kwa hiyo viwili vingetosha. Muhuri ulitengenezwa kwa kufuata bango. Risiti zikafuata muhuri. Kwa hiyo kikundi kimekuwa kikipiga kila karatasi alama ambayo haipo katika lugha yoyote tunayoijua.

Mtu anaweza kusema ni jambo dogo. Huko China kwenyewe, serikali iliporahisisha maandishi miaka ya 1950, alama hii ilipunguzwa, wakaacha nguvu moja na kuweka vidoti viwili badala ya zile nyingine. Ni kweli. Lakini hayo yalikuwa makubaliano ya nchi nzima, si fundi kukosa nafasi. Na akina mama walipoelewa kwamba kuna nguvu moja imeachwa nje, kikao kilinyamaza kidogo. Halafu mama mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema kwamba yeye anaijua nguvu iliyoachwa. Ni wale wanaokaa nyuma. Kwa mwaka mzima, alisema, hesabu zimekuwa zikijulikana na mwenyekiti na mweka hazina peke yao, na labda wale saba hawakutoka kwa sababu ya shetani. Walitafuta sababu ya kutokea.

Tuliandika maneno yake kwenye kumbukumbu. Figa moja haliinjiki chungu, tunasema kila siku, lakini hata mawili hayainjiki.

Huko Japani alama hii haikukaa kwenye vitabu tu. Ilitoka ikaenda kwenye mabango ya vijijini, na historia yake inafaa vikundi vyetu kuijua, pamoja na upande wake mbaya.

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilipitishwa huko mwaka wa 1900, kwa kufuata mifano ya Ujerumani, ambako wakulima walikuwa wameanza kuweka na kukopeshana pesa vijijini. Neno lililokuja kuzoeleka kwa ushirika ni kyōdō kumiai. Kyō ndiyo hii yetu. Dō ni “sawa” au “mamoja”. Kumi ni kusuka au kupanga watu katika kundi, na alama yake ina kipande cha uzi ndani. Ai ni kukutana na kulingana. (Ndugu msomaji, usidanganyike: kumi iliyo katika kumiai si kumi yetu ya kuhesabu. Kumi ya kuhesabu ni ule “msalaba”. Mambo ya lugha hayo.) Ingawa sisi hapa tuna kumi yetu pia: Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya mwaka wa 1997 iliweka kwamba watu wanaoandikisha chama cha kwanza wasipungue kumi.

Katika mji wa bandari wa Kobe alikuwako mchungaji kijana, Kagawa Toyohiko. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti, lakini kazi yake inatuhusu. Mwezi wa Desemba 1909, akiwa na miaka 21 na kifua kibovu, alihamia mtaa wa maskini uitwao Shinkawa akaishi humo katika chumba kidogo pamoja na wagonjwa na walevi. Alianza kwa kugawa msaada. Baadaye aliona kwamba maskini ananunua mchele kwa bei ya juu kuliko tajiri, kwa kuwa ananunua kidogo kidogo na kwa mkopo. (Nani hapa kwetu hajui hilo, anayenunua sukari ya kupimiwa kwenye karatasi?) Mwaka wa 1921 alisaidia kuanzisha vyama viwili vya ununuzi, kimoja Kobe na kingine jirani yake Nada. Vikaungana mwaka wa 1962. Chama hicho bado kipo, na ni kimojawapo cha vyama vikubwa vya ushirika wa wanunuzi nchini Japani. Tetemeko la Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,400, liliporomosha makao yake makuu. Kagawa hakuliona, alifariki mwaka wa 1960.

Upande wa wakulima habari si safi hivyo. Mwaka wa 1943, katikati ya vita, serikali ilivunja vyama vya wakulima ikavikusanya pamoja na mashirika mengine kuwa chombo kimoja kijiji kwa kijiji. Mkulima hakuulizwa kama anataka kuingia. Kazi ya chombo hicho ilikuwa kuhakikisha mchele unatolewa kwa ajili ya vita. Na hata kabla ya hapo, baada ya jeshi la Japani kuiteka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, kiliundwa huko chama kilichoitwa Kyōwakai, mwaka wa 1932. Ile kyō ya mwanzo ni hii hii yetu, yenye kumi na nguvu tatu. Jina zima lilihubiri mapatano kati ya mataifa yaliyoishi humo. Aliyeamua ni jeshi.

Tumeandika hilo makusudi. Alama nzuri inaweza kupachikwa juu ya kitu kibaya na isiseme lolote. Sisi wenyewe tunalo neno Harambee kwenye nembo ya taifa letu, neno la watu wanaovuta kitu kizito pamoja, na limejenga shule na zahanati nyingi. Lakini wakubwa kwa umri wanakumbuka pia miaka ambayo mtu alidaiwa risiti ya harambee kabla ya kupewa huduma iliyo haki yake. Neno lilikuwa lile lile. Kuvuta kulikuwa kwa kusukumwa.

Vita vilipokwisha, mashamba yaligawanywa upya. Kabla ya hapo karibu nusu ya ardhi yote ya kilimo ililimwa na wapangaji, waliotoa sehemu kubwa ya mavuno kwa mwenye shamba. Kufikia mwaka wa 1950 ardhi ya wapangaji ilikuwa imebaki kama sehemu moja kwa kumi. Sheria mpya ya ushirika wa wakulima ilitoka mwaka wa 1947, na safari hii kuingia kulikuwa kwa hiari na kila mwanachama alikuwa na kura moja. Vyama vikachipuka zaidi ya elfu kumi. Viliuza mchele wa wanachama, vikanunua mbolea kwa pamoja, vikaweka akiba na kukopesha. Nembo yao ilikuwa suke la mpunga lililopinda kwa kuzunguka, na katikati alama yetu ya kyō. Ndugu zetu wa Mwea wangelitambua suke hilo mara moja.

Hata hivyo kulikuwa na watu huko huko waliosema kwamba lililofanyika ni kupaka bango rangi mpya tu. Walikuwa na hoja. Ghala lilikuwa lile lile la wakati wa vita, meza zile zile, na mara nyingi karani yule yule. Mkulima aliyekuwa akiamriwa jana hawezi kuamka leo akawa mwenye chama kwa sababu sheria imesema. Ilichukua miaka watu kuzoea kusimama kwenye mkutano na kuuliza pesa zimekwenda wapi, na sehemu nyingine hawakuzoea kamwe. Vyama vilikua vikawa vikubwa sana, vikapata sauti kwenye siasa, na baadaye vikaunganishwa na kuunganishwa tena mpaka leo vimebaki mamia tu. Mwaka wa 1992 nembo ya suke iliachwa, zikawekwa herufi mbili za Kilatini, JA. Kwenye kuta za maghala ya zamani unaweza bado kuikuta ile kyō, imechakaa kwa mvua.

Sasa turudi njia panda. Akina mama walituuliza swali moja la wazi: tuiondoe au tuiache? Sisi hatukuona kwamba ni kazi yetu kuamua. Tuliwaambia mambo mawili tu. La kwanza, nembo ya kikundi lazima kila mwanachama aweze kuieleza kwa mgeni, kwa lugha ya nyumbani, bila kumwita mwenyekiti. Nembo ambayo mtu mmoja tu anajua maana yake ni mali ya mtu huyo. La pili, anayeogopa asichekwe. Mtu akiona alama ngeni kwenye kadi yenye pesa zake ana haki ya kuuliza, na kama angejibiwa siku ya kwanza tusingefika hapa. Katika hilo la pili tunajilaumu wenyewe pia, kwa sababu tulikuwepo siku ya kumuaga yule kijana, tukala chapati, na hatukuuliza.

Walipiga kura kwa mikono. Wengi walitaka ibaki, lakini chini yake iandikwe kwa Kiswahili “Nguvu za wengi mahali pamoja”, na irekebishwe. Vilevile walikubaliana kwamba kitabu cha hesabu kitasomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi kabla ya mchango kutolewa, na kwamba muhuri wa zamani hautatumika tena hata kwa risiti moja. Unakaa kwenye sanduku la katekista. Yule mzee wa kigango alihudhuria, akasikiliza mpaka mwisho, akasema bado haipendi sura yake lakini sasa anajua inasema nini.

Kwa fundi wa kikundi hicho, na kwa yeyote atakayeombwa kuichora, mistari ni minane, wala isipungue. Anza kushoto: mstari wa kulala, kisha wa kusimama unaoukata katikati. Hiyo ni miwili. Halafu nguvu ya juu: mstari unaotoka kushoto kwenda kulia, unapinda na kushuka, na mwishoni una kikulabu kidogo kinachoingia ndani, kisha mstari wa pili unaoanza juu ya ule wa kwanza, unaukata, na kushuka ukiinamia kushoto. Sasa ni minne. Rudia chini kushoto, ni sita. Rudia chini kulia, ni minane. Pima nafasi kwa penseli kabla ya kufungua mkebe wa rangi, na sanduku la posta liandikwe mwisho.

Wanawake wawili kati ya wale saba walikuja kwenye mkutano huo. Watano bado. Mwandishi wa kikundi amepewa kazi ya kuwatembelea nyumbani kwao, pamoja na kitabu cha hesabu.